Quorthon wa Bathory: aliacha jukwaa, akabaki ndani ya diski

Mwezi wa sita mwaka 2004, katika nyumba yake mjini Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, mwanamuziki mmoja alikutwa amekufa. Moyo wake ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka 38 tu. Kwa miaka 20 alikuwa ametoa diski zilizobadilisha muziki mzito wa Ulaya, na wengi waliompenda hawakumuona jukwaani hata siku moja. Walimjua kwa jina la Quorthon, na orkestra yake iliitwa Bathory.

Jina lake la kuzaliwa ni Thomas Börje Forsberg. Alizaliwa Stockholm tarehe 17 mwezi wa pili mwaka 1966. Mwaka 1983, akiwa na miaka 17, alianzisha Bathory pamoja na vijana wengine wawili. Jina hilo linatoka kwa Elizabeth Báthory, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria ya zamani, ambaye hadithi za damu na mauaji zinamfuata mpaka leo. Mpiga bateri wao wa kwanza, Jonas Åkerlund, baadaye aliacha bateri akawa mtengeneza filamu na video za muziki, hata Madonna alifanya kazi naye.

Wakati ule, huko Uingereza, kulikuwa kundi lingine lililoitwa Venom. Mwaka 1982 Venom walitoa diski yenye jina Black Metal, na jina hilo likaishia kuwa jina la aina nzima ya muziki. Ni muziki wa gitaa zinazonguruma, bateri inayokimbia bila kupumzika, sauti ya kupiga kelele kuliko kuimba, na maneno ya giza, kifo na shetani. Kwa sikio lililozoea rumba, ambako kila noti ya gitaa inasikika peke yake kama tone la maji, muziki huu ni mvua ya mawe juu ya bati. Lakini mvua nayo iko na mpangilio wake, na Quorthon alikuwa kati ya watu wa kwanza kuupanga.

Nafasi yake ilikuja kwa bahati. Alikuwa anafanya kazi ndogo ndogo katika nyumba ya muziki iliyoitwa Tyfon. Mwaka 1984 Tyfon walikuwa wanatengeneza diski moja ya kukusanya makundi ya Skandinavia, nafasi moja ikabaki wazi, na kijana akaomba Bathory waingie. Wakapewa nyimbo mbili. Diski ilipotoka, barua za wasikilizaji zilianza kufika, na nyingi zilikuwa zinauliza habari za kundi moja tu: Bathory. Mkubwa wa Tyfon, Börje Forsberg, akamwambia kijana atayarishe diski nzima.

Hawakuwa na feza ya studio kubwa. Walirekodi katika garaji iliyogeuzwa studio, wakaipa jina la heshima, Heavenshore. Vyombo vilikuwa vidogo na muda ulikuwa mfupi. Ndiyo maana diski ile ya kwanza, yenye jina Bathory, inasikika kama imepigwa ndani ya pango wakati wa zoruba. Fundi wa studio kubwa angesema ni kazi mbaya. Vijana walioinunua waliona hiyo ndiyo sauti waliyokuwa wanaitafuta.

Hata karatasi ya diski iko na historia. Juu yake kuna kichwa cha mbuzi, na Quorthon alitaka mbuzi huyo awe na rangi ya zahabu. Bei ya zahabu ikawa juu, na alipotoka kwenye uchapishaji, mbuzi alikuwa wa manjano kama ndizi mbivu. Diski 1.000 zilitoka hivyo, kisha rangi ikageuzwa kuwa nyeupe. Nyuma ya karatasi, wimbo mmoja uliandikwa Necromansy, kwa herufi S pahali pa C, juu herufi za C za kubandika zilikuwa zimekwisha. Leo watu wanaokusanya diski wanatafuta mbuzi wa manjano kwa bei kubwa sana. Kosa la uchapishaji limekuwa mali.

Diski mbili zilifuata, The Return mwaka 1985 na Under the Sign of the Black Mark mwaka 1987. Picha ya hiyo ya tatu ilipigwa kwenye jukwaa la nyumba ya opera ya kifalme ya Stockholm, kati ya mapambo yaliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa Carmen. Mtu anayeona karatasi anafikiri ni mlima wa mashetani, kumbe ni mbao na rangi.

Hapo ndipo linaingia swali ambalo waamini wengi wangeuliza, hata hapa kwetu: je, kijana huyu alikuwa mtu wa shetani? Maisha yake yanajibu kuliko karatasi za diski zake. Mambo ya shetani yalikuwa ya kutisha watu, kama filamu za usiku. Kadiri alivyokua, aliona kwamba shetani mwenyewe ni sehemu ya dini ileile ya Kikristo aliyotaka kuipinga. Kuimba shetani kulikuwa bado ni kuimba ndani ya nyumba ya kanisa, ila kwa mlango wa nyuma. Akatafuta mahali pengine, akaenda kwa mababu.

Badiliko hilo linasikika mwaka 1988 kwenye Blood Fire Death, ambayo inaanza na mbio za farasi. Juu ya karatasi kuna mchoro wa mwaka 1872 wa Peter Nicolai Arbo wa Norwe, unaoonyesha miungu ya kale ikipita angani. Lakini mwaka 1990, kwenye Hammerheart, ndipo alivuka mto kabisa.

Hammerheart ni diski ya kusikiliza ukiwa umekaa. Karatasi yake ni mchoro wa Frank Dicksee, Muingereza, wa mwaka 1893: watu wanasukuma baharini mtumbwi unaowaka moto, ndani yake maiti ya mkubwa wao. Kwenye diski ya vinili mchoro huo unajaa mikono miwili, na mtu anakuwa na muda wa kuuangalia. Sindano ikishuka, kwanza yanasikika mawimbi ya bahari. Gitaa inakuja polepole, bila kunguruma. Kiisha bateri inaingia, nzito, na mwendo wake si wa kukimbia tena. Ni mwendo wa watu wanaovuta makasia. Wimbo huo wa kwanza peke yake unapita dakika 10.

Nyimbo zote pamoja ni karibu dakika 55, na hiyo ni mingi kwa diski moja ya vinili, ambayo kila upande unafurahia dakika 20 hivi. Muziki ukirefuka, mistari inabanwa, sauti inashuka kidogo, na sindano ikikaribia katikati sauti za juu zinafifia. Kwa diski nyingine hiyo ingekuwa hasara. Hapa, ukungu huo unafanana na muziki wenyewe.

Jambo lililoshangaza wapenzi wake ni kwamba kwenye Hammerheart Quorthon haachi kuimba. Kelele za zamani zimepungua sana. Sauti yake haikufunzwa, na mara kwa mara inateleza, inakosa noti, inarudi. Nyuma yake kunasikika sauti nyingi kama kwaya. Mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya kelele sasa alikubali kusikika na udhaifu wake.

Ukigeuza diski, upande wa pili unaishia na One Rode to Asa Bay. Wimbo huo unasimulia namna dini ya Kikristo ilivyofika kijijini: mgeni mwenye msalaba aliyetoka ng'ambo ya bahari, ubatizo, watu wanaojenga kanisa kwa mikono yao, na mzee anayesimama pembeni anaangalia maji, anakumbuka meri za zamani. Msikilizaji wa Kongo, ambaye babu zake waliona misheni ya kwanza inajengwa, hana lazima ya kupenda gitaa nzito ili aelewe huyo mzee. Quorthon hakuweka shetani hata mmoja kwenye hadithi hiyo. Aliweka watu.

Mwaka uliofuata alitoa Twilight of the Gods, na mwishoni mwake akatumia wimbo wa Gustav Holst, mtunzi wa Uingereza, kutoka kazi yake juu ya sayari. Wakati huohuo, vijana wa Norwe waliokua na diski zake za kwanza walikuwa wanapanda jukwaani. Wachache kati yao walipita mipaka. Mwaka 1992 na 1993 makanisa ya mbao yalichomwa moto huko Norwe, na watu waliuawa. Quorthon hakuwa kati yao. Silaha yake ilikuwa gitaa, na moto wake ulikuwa wa kuchorwa.

Tangu miaka ya mwanzo alikuwa ameacha kufanya konseri. Aliwapa waandishi wa habari majina ya uongo, na wengine walijua jina lake la kweli baada ya kufa kwake tu. Aliendelea kurekodi, mara vizuri, mara vibaya, mara chini ya jina lake peke yake. Mwaka 2002 na 2003 alirudi kwa mababu na diski mbili za Nordland. Alikuwa hajamaliza.

Mwanamuziki wa jukwaani anaacha watu wanaosema: nilikuwa pale. Quorthon aliacha watu wachache sana wa namna hiyo. Aliacha mistari kwenye plastiki nyeusi, iliyorekodiwa kwa vyombo vidogo, na makosa yake yote ndani. Anayetaka kumhukumu kwa sababu ya mbuzi wa manjano yuko na haki yake. Ila asikilize kwanza mpaka mzee wa Asa Bay, maana safari kutoka kwa yule mbuzi mpaka kwa mzee huyu ilichukua miaka 6 tu, na ndiyo maisha yake.