Bert Williams: Mweusi aliyelazimika kupakwa weusi

Ndugu msomaji, usishangae kuona safu hii leo inamzungumzia mchekeshaji, tena asiyekuwa Muislamu. Nilikuwa nikitafakari lile katazo la Surat Hujurat, la watu kuwadhihaki watu wengine, nikamkumbuka.

Bert Williams alizaliwa Nassau, visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, akakulia Marekani. Huko wazungu walikuwa na mchezo wa kujipaka masizi usoni na kumuigiza mtu mweusi kuwa ni mvivu, mjinga na mwizi wa kuku. Ukumbi mzima unacheka. Williams alikuwa mweusi wa kweli, ila rangi yake ilikuwa maji ya kunde, na kwa watazamaji wale huo haukuwa weusi wa kutosha! Basi naye akajipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, akaishi nayo jukwaani hadi mwisho.

Mwaka 1893 alikutana na George Walker mjini San Francisco. Mwaka 1903 wawili hao waliingia Broadway, New York, na mchezo wa nyimbo uitwao In Dahomey, uliotungwa na kuchezwa na watu weusi. Mwaka huo huo waliucheza London, hadi ndani ya kasri la mfalme, Buckingham. Mwaka 1906 wakaja na Abyssinia, yaani Uhabeshi, nchi ambayo sisi tunaijua kwa Najashi aliyewahifadhi Masahaba. Walker alifariki mwaka 1911.

Kabla ya hapo, mwaka 1910, Williams alichukuliwa na Ziegfeld Follies, onyesho la wazungu. Baadh ya waigizaji walitishia kugoma; mwenye onyesho hakuwasikiliza. Jukwaani akashangiliwa, akishuka anabaguliwa kama weusi wenzake.

Wapo wanaomlaumu kuwa aliuza heshima ya watu wake. Mimi nasita. Dhihaka ile hakuianzisha yeye, na bila masizi mlango usingefunguliwa. Lakini pia siwezi kusema hakuwa na sehemu yake, maana kila kicheko kiliwathibitishia wazungu walichokwisha kukiamini. Alichofanya, na si kidogo, ni kumpa yule mjinga wa jukwaani huzuni ya binadamu. Wimbo wake wa Nobody, wa mwaka 1905, ni wa mtu asiyesaidiwa na yeyote.

Februari 1922, akiwa mgonjwa, alianguka jukwaani Detroit. Inasimuliwa kuwa watazamaji walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alifariki New York tarehe 4 Machi, akiwa na miaka 47.