Abraham Wald: Jamaa aliyehesabu ndege ambazo hazikurudi

Kama unasoma takwimu chuoni na unajiuliza hizo fomula zitakusaidia na nini mtaani, hebu mjue huyu jamaa.

Abraham Wald alizaliwa 1902 katika mji wa Kolozsvár, ambao leo unaitwa Cluj na uko Romania. Wazazi wake walikuwa Wayahudi walioshika dini. Shule ilikuwa na masomo Jumamosi, siku yao ya Sabato, kwa hivyo kijana akafundishwa nyumbani. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, akapata shahada ya uzamifu katika hisabati 1931. Kichwa kilikuwa moto, lakini kazi chuoni hakupata kwa sababu alikuwa Myahudi.

Wanazi walipoingia Austria 1938, akahamia Marekani. Hapo Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndipo alipozama kwenye takwimu, akiwa na miaka kama 36. Karibu jamaa zake wote waliobaki Ulaya waliuawa.

Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, wanatakwimu wa Columbia walisaidia jeshi. Swali moja lilikuwa gumu kweli: ndege za kivita zikingwe kwa chuma sehemu gani? Chuma ni kizito, huwezi kufunika ndege nzima. Data iliyokuwepo ilikuwa matundu ya risasi kwenye ndege zilizorudi. Wengi wetu tungesema weka chuma penye matundu mengi, sivyo?

Wald akageuza swali. Ndege iliyorudi na matundu imeshakuonyesha kwamba sehemu hiyo inavumilia. Zilizopigwa pabaya, kama kwenye injini, zilianguka, kwa hivyo hazikuwa kwenye data. Na hakubahatisha. 1943 aliandika ripoti nane za kuonyesha jinsi ya kukadiria hatari ya kila sehemu kwa kutumia ndege zilizorudi tu.

Pia alibuni njia ya kukagua bidhaa moja moja na kusimama ushahidi ukitosha, badala ya kupanga idadi mapema. Njia hiyo ilifanywa siri wakati wa vita.

Desemba 1950, akiwa katika ziara ya kufundisha India, ndege aliyopanda na mkewe ilianguka kwenye milima ya Nilgiri. Wakafa wote wawili. Alikuwa na miaka 48.

Sasa, mimi niliacha chuo, na kila wiki kuna mtu ananipa moyo kwa stori za mabilionea walioacha chuo pia. Asante, lakini hao ni ndege zilizorudi. Aliyeacha akakwama haandikwi popote. Hata kwenye kamari ni hivyo hivyo: anayepigwa picha na hundi ni aliyeshinda. Kabla hujafuata nyayo za mtu, uliza kwanza walioanza njia hiyo walikuwa wangapi, na wengine wako wapi.