Hugh Tracey: aliyepima sauti za ngoma za Afrika kabla ya kompyuta

GOMA, KIVU KASKAZINI – Kijana wa Goma anayetaka kuandika noti za wimbo wa bibi yake anaweza leo kuuweka kwenye kompyuta. Programu za bure kama Sonic Visualiser au Praat humchorea sauti kama mstari unaopanda na kushuka. Miaka zaidi ya 70 iliyopita, Mwingereza Hugh Tracey aliifanya kazi kama hiyo kwa sikio na vyuma vya kugonga.

Tracey alizaliwa mwaka wa 1903 huko Devon, Uingereza. Akiwa bado kijana alihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Huko alijifunza Kikaranga na nyimbo za wafanyakazi wa shamba. Wazungu wengi wa wakati ule hawakuzithamini nyimbo hizo. Yeye, mwaka wa 1929, aliwapeleka vijana 14 hadi Johannesburg wakarekodiwa na kampuni ya Columbia.

Baada ya kuongoza studio za redio za Durban kuanzia 1936 hadi 1947, alianza safari ndefu za kurekodi. Mwaka wa 1952 alipita katika Kongo ya Wabelgiji na Rwanda. Kandokando ya msitu wa Ituri alirekodi muziki wa Wambuti na Wanande. Huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimrekodi mpiga gitaa kijana, Mwenda Jean Bosco, na wimbo wa Masanga ukajulikana mbali na Katanga.

Lakini kurekodi hakukumtosha. Alikuwa na vyuma 54 vyenye umbo la uma. Kila kimoja, kikigongwa, hutoa sauti moja isiyobadilika: cha kwanza hutikisika mara 212 kwa sekunde, cha pili mara 216, na kuendelea hivyo hadi 424. Mpigaji alipogonga ubao mmoja wa marimba, Tracey alitafuta chuma kilichopatana nao, akaandika namba yake.

Namba hizo zilionyesha jambo kubwa. Katika timbila za Wachopi wa Msumbiji, kutoka sauti moja hadi mwenzake wa juu kuna hatua saba zinazokaribia kulingana. Piano haina hatua za namna hiyo. Anayeuandika muziki huo kwa noti za piano huziondoa sauti mahali pake, kisha msomaji hudhani kwamba mzee wa kijijini ndiye aliyekosea.

Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini. Kutoka kwenye kanda zake zilitolewa sahani 210 za mfululizo wa Sound of Africa. Katika miaka hiyohiyo alianza kutengeneza kalimba za kuuza ng'ambo. Ni ndugu ya likembe, lakini aliipanga kwa sauti za Kizungu ili wanunuzi waielewe. Hivyo mtu aliyetetea sauti za asili ndiye aliyeieneza duniani ala ya Kiafrika isiyokuwa nazo.

Tracey alifariki mwaka wa 1977. Leo ILAM iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda, mbali sana na Butembo na Beni.

Kosa alilolipigania linaweza kurudi kupitia kompyuta. Programu nyingi huweka picha ya piano kando ya mstari wa sauti na kumvuta mwandishi aichague noti iliyo karibu. Zaidi ya hayo, mstari huo huchanganyikiwa sauti nyingi zikilia pamoja. Dawa ni ileile ya Tracey: kurekodi ala moja peke yake, ufito kwa ufito, na kuandika namba kama ilivyo, wakati aliyeipanga likembe hiyo bado yupo wa kuulizwa.