Panda Farnana na Wakongomani wa kwanza wa Bruxelles

Hapa kwetu Nguba nyumba nyingi ziko na mtoto Bulaya. Ukiuliza Wakongomani walianza lini kukaa Bruxelles, watu watakujibu: walianzia Matonge, kisha uhuru wa 1960, wanafunzi ndio walitangulia. Wabelgiji wengi wanasemaka vile vile. Kumbe miaka 40 mbele ya uhuru, Wakongomani wa kule walikuwaka na chama chao, na kati yao walikuwako watu wa kushuka shimoni, kama ninyi wababa mnaotusoma Kamituga na Luhwindja. Aliyekianzisha chama hicho aliitwa Paul Panda Farnana. Kinshasa na Bas-Congo jina lake linajulikana, lakini huku kwetu mashariki linasikika kidogo tu, ndiyo maana tunamleta leo.

Alizaliwa 1888 Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia baharini. Wakati ule nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Wazungu walizoea kubeba Waafrika na kwenda nao kwao, wengine kama watumishi, wengine kama kitu cha kuonyesha tu. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren, pembeni ya Bruxelles, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho, na wazungu walikuwa wanapita kuwaangalia. Saba walikufia kule. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo.

Miaka mitatu baadaye, 1900, Panda alifika Ubelgiji akiwa na miaka 12, mikononi mwa ofisa mmoja, Jules Derscheid. Yeye alikuwa na bahati ingine. Dada wa yule ofisa, Louise Derscheid, alimlea kama mtoto wa nyumba na kumuweka kwenye masomo. Alisoma Athénée ya Ixelles, kisha shule ya kilimo cha bustani ya Vilvoorde, ambako alipata diploma 1907, tena kwa alama nzuri. Mwaka uliofuata akamaliza masomo ya kilimo cha nchi za joto Nogent-sur-Marne, karibu na Paris. Hatujui Mkongomani mwingine wa wakati wake aliyefika pale katika masomo ya Bulaya.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimuajiri na kumtuma Eala, bustani kubwa ya mimea karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Tufikiri kidogo: kijana mweusi ana cheo na diploma mbili, katika nchi ambamo mtu mweusi aliitwa boy hata kama ana mvi.

Vita ya 1914 ilimkuta Ubelgiji, katika likizo. Akajiandikisha, yeye na Wakongomani wengine wachache, katika kikosi cha watu wa kujitolea cha koloneli Chaltin, kwenda kulinda mji wa Namur. Mwezi wa 8 Namur ilianguka, na Wajerumani wakamkamata. Alifungwa miaka 4, mpaka mwisho wa vita. Kati ya waliofungwa naye kulikuwako Joseph Adipanga na Albert Kudjabo. Huyu Kudjabo alikuwa mutoto wa upande wa Kilo-Moto, kule kwa zahabu. Wajerumani, ambao walikuwa wanakusanya lugha za wafungwa wao, walimuimbisha na kumrekodi sauti. Mtu wa Kilo-Moto alikufa 1934, lakini sauti yake ingali Berlin, imehifadhiwa.

Walipotoka kifungoni walifikiri watapokelewa. Wapi! Mwaka 1919 gazeti moja la watu waliopigana vita liliandika kwamba weusi wale wakusanywe na kurudishwa kwao chini ya migomba. Watu waliokamatwa wakiilinda Ubelgiji! Panda hakujibu kwa matusi. Tarehe 30 Agosti 1919 yeye na wenzake walianzisha Union Congolaise, chama cha kusaidiana na kuinuana katika akili na mwenendo.

Wanachama walikuwa nani? Askari waliotoka vitani. Mabaharia wa meli za Matadi walioshuka Anvers. Watumishi walioachwa na mabwana wao. Na wengine walioenda upande wa Charleroi na Liège, kwenye makaa ya mawe. Ile kazi tunaijua sisi: taa kidogo, vumbi katika kifua, mawe juu ya kichwa, na ukiumia mbali na ndugu zako, nani atakuosha, nani atakulilia? Katika kariere zetu, mtu akibaki shimoni, wenzake wanachanga, mama wanaotwanga mawe wanachanga, na PDG wa shimo anaombwa sanduku. Union Congolaise ilikuwa ni jambo hilo hilo, lakini katika baridi ya Bulaya. Kusaidia mgonjwa, kusaidia asiye na kazi, kufundisha asiyejua kusoma. Kwa maoni yetu, hii ndiyo kazi kubwa ya Panda, kuliko hotuba zake zote, hata kama wenye kuandika historia wanapenda zaidi hotuba.

Maana hotuba nazo alizitoa. Mwezi wa 12 wa 1920, katika kongamano la koloni lililofanyika Bruxelles, alisimama mbele ya wakubwa wa Ubelgiji na kudai mambo mawili: Wakongomani wapate shule za kweli, na wawe na sauti katika mabaraza yanayoamua mambo ya nchi yao. Hakuomba uhuru. Alikuwa mtu wa taratibu, wengine leo wangemuita mwoga. Mwaka 1921, wakati mkutano wa Waafrika na weusi wa Marekani ulipofika Bruxelles pamoja na Du Bois, Panda alikuwa pale akisema kwa niaba ya Kongo. Lakini ni mwaka ule ule Simon Kimbangu alipoinuka Nkamba na kukamatwa. Magazeti ya Bruxelles yalishika hofu, yakamchafua Panda pia: eti ni mtu wa Garvey, eti ni bolsheviki.

Kitu kingine alichodai kinatugusa sisi wa Kivu moja kwa moja. Aprili 1916, askari wa Force Publique walivuka Ruzizi, ile tunayoiona kutoka huku Nguba, na kuingia Shangugu. Septemba waliteka Tabora. Nyuma yao walitembea wapagazi wengi sana, wazee wetu, na wengi hawakurudi. Ubelgiji ilimjengea kaburi la heshima askari wake asiyejulikana 1922. Panda akauliza: na askari wa Kongo, naye hana jina, kaburi lake liko wapi? Hakupewa jibu.

Mei 1929 alirudi kwao Nzemba. Hakutafuta cheo. Alijenga shule kwa watoto wa kijiji na kiwanda kidogo cha mafuta ya mawese. Mwaka mmoja tu, na tarehe 12 Mei 1930 akafa, hajafika miaka 43. Hakuoa, hakuacha mutoto. Bruxelles nako, chama hakikuishi muda mrefu bila yeye.

Kisha hapo mlango wa masomo ulifungwa kabisa. Kutoka diploma ya Vilvoorde mpaka 1952, Thomas Kanza alipoingia chuo kikuu cha Louvain, ni miaka 45. Ukumbusho wa askari wa Afrika ulijengwa katika mtaa wa Schaerbeek 1970, miaka 40 kisha Panda kuzikwa. Na Matonge yenyewe, kule watoto wetu wananunua pondu na samaki wa chumvi, iko Ixelles, komini ile ile ambamo mutoto wa Nzemba alienda shule akiwa na mkoba wake, mbele ya vita ya 1914.