Mwalimu Nyerere: Msomi wa uchumi aliyekataa kushusha thamani ya shilingi

Na Mwandishi Wetu, Kabonga

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kabonga kwenda Kagunga au Kigoma hupiga hesabu mbili: bei ya mzigo na bei ya fedha. Hiyo ya pili wanafunzi wa chuo kikuu huikuta katika somo la uchumi jumla, yaani uchumi wa nchi nzima. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alisoma uchumi ujanani, na baadaye hesabu hiyo ikamwelemea akiwa Rais.

Alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, ambako alisomea ualimu kati ya 1943 na 1945. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alichanganya uchumi, historia na falsafa, akahitimu mwaka 1952.

Uchumi jumla ulikuwa bado mchanga. Kitabu cha John Maynard Keynes kilichouanzisha kilitoka 1936. Septemba 1949 Uingereza ilishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyofungwa kwenye pauni, ikashuka nayo.

Miaka 30 baadaye zamu ikawa yake. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetaifisha mabenki na viwanda, na shule na zahanati zikafika vijijini. Kisha mafuta yakapanda bei, kahawa ikashuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin vikala akiba. Shirika la Fedha la Kimataifa likataka shilingi ishushwe.

Mwalimu alikataa. Aliona mzigo utamwangukia maskini, na kwamba wageni hawapaswi kuitawala bajeti ya nchi huru. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyetaka makubaliano, akajiuzulu mwaka 1979.

Hofu ya Mwalimu ilikuwa na msingi. Lakini dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya mtaani, na wananchi walikuwa tayari wanalipa ile ya mtaani. Sabuni na sukari ziliadimika, magendo yakashamiri, na mwaka 1983 serikali ikawasaka wahujumu uchumi. Mwalimu aling'atuka 1985. Mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi alikubaliana na Shirika hilo, na dola ikapanda kutoka takribani shilingi 17 hadi zaidi ya 50.

Watu wa Burundi walimjua pia kama msuluhishi. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, marais wa kanda waliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, naye akaviunga mkono. Mafuta yalipanda bei, mizigo ikapita njia za panya, hadi vikwazo viliposimamishwa Januari 1999. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kabla ya mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000.

Mei 2023 Burundi nayo ilishusha faranga yake. Aliyekuwa amekopesha mzigo kwa faranga alilipwa idadi ileile ya noti, lakini hazikununua tena mzigo uleule. Kwa hiyo msafirishaji anayekubali kulipwa baada ya mwezi aangalie kwanza pengo kati ya bei ya benki na ya mtaani. Likipanuka, afupishe mkopo.