H. G. Wells: aliyewaza kifaru akacheza vita bila kifaru

Wengi wetu kitivoni tunamfahamu H. G. Wells kupitia tafsiri za Kifaransa: mashine ya kusafiria katika wakati, mtu asiyeonekana, viumbe wa Mars wanaoishambulia Uingereza. Upande wake ninaotaka kuueleza hapa haufundishwi sana. Mtu huyu aliwaza kifaru cha vita karibu miaka 13 kabla ya kifaru cha kwanza kuingia vitani. Miaka 10 baada ya kukiwaza, alitoa kitabu cha kanuni za kucheza vita kwa askari wadogo, na wachezaji wa vita vya mezani, pamoja na wale wanaojenga na kupaka rangi vifaru vinavyokaa katika kiganja, wanamhesabu hadi leo kuwa babu yao. Lakini katika kitabu hicho hakuna kifaru hata kimoja.

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 mjini Bromley, katika Kent, karibu na London. Baba yake Joseph alikuwa na duka la vyombo vya udongo lisiloingiza kitu. Kilichosaidia nyumba ni kriketi, mchezo aliocheza kwa malipo. Mama yake Sarah aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri iitwayo Uppark, na baadaye alirudi huko kuwa msimamizi wa watumishi. Mwaka 1874 mtoto alivunjika mguu. Alipokuwa amelala kitandani aliletewa vitabu, akavisoma mfululizo, na tabia hiyo haikumtoka tena.

Umaskini ulimpeleka kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa huko Southsea, tangu 1881 hadi 1883. Aliichukia kazi ile. Siku moja alikwenda kwa miguu hadi Uppark kumwambia mama yake kwamba harudi tena dukani. Akawa mwalimu msaidizi shuleni Midhurst, kisha mwaka 1884 akapata nafasi ya kusoma sayansi London, ambako alifundishwa biolojia na T. H. Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Shahada yake aliipata mwaka 1890. Ndoa ya kwanza, na binamu yake Isabel, haikudumu. Mwaka 1895 alimwoa Amy Catherine Robbins, ambaye yeye alimwita Jane. Mwaka huohuo ilitoka The Time Machine, na jina lake likajulikana.

Nyumba aliyojijengea Sandgate, kando ya bahari, ndiko walikozaliwa wanawe wawili, George Philip mwaka 1901 na Frank mwaka 1903. Joseph Conrad aliishi si mbali na hapo, na walitembeleana. Sisi Wakongo tunamjua Conrad kwa sababu nyingine, ile ya mto wetu mwaka 1890. Kwa Wells alikuwa jirani na rafiki, na mwaka 1907 alimtabarukia riwaya yake The Secret Agent.

Frank alikuwa na miezi miwili tu wakati jarida la Strand, Desemba 1903, lilipochapa hadithi fupi ya baba yake iitwayo The Land Ironclads. Majeshi mawili yametazamana katika mahandaki, hakuna linaloweza kusogea. Upande mmoja ni watu wa mashambani, wapanda farasi hodari, wenye afya na dharau. Upande wa pili ni watu wa mjini, makarani na mafundi, na mwandishi wa habari aliye pamoja na wapanda farasi anaamini kwamba watu wa aina hiyo hawawezi kushinda vita. Alfajiri zinatokea mashine 14 au 15 za chuma, kila moja yenye urefu wa futi 80 hadi 100, yaani kati ya mita 24 na 30. Hazikuwa na minyororo kama vifaru tunavyovijua. Wells alizipa magurudumu yenye nyayo kuzunguka ukingo wake, aina iliyokuwa imebuniwa kweli na mhandisi Diplock. Zinavuka mahandaki. Ndani yake vijana watulivu wanalenga na kufyatua kama watu wanaojaza hesabu katika daftari. Kabla ya saa nyingi kupita, jeshi la mashujaa limekwisha.

Hapa mwanafunzi wa isimu hawezi kupita bila kusimama. Wells hakuwa na neno la kitu hicho, kwa hiyo aliazima la baharini: manowari ya chuma inayotembea nchi kavu. Na manowari yetu wenyewe ilitoka katika Kiingereza cha mabaharia, kwa hiyo kumtafsiri Wells kwa Kiswahili ni kama kumrudishia mkopo wake. Waingereza walipoijenga mashine kweli, mjini Lincoln mwaka 1915, walihitaji jina la kuficha siri, wakaanza kuiita tangi, kana kwamba ni chombo cha kubebea maji. Siri iliisha, jina likabaki. Wafaransa walichukua neno la gari la kukokotwa, Wajerumani neno la deraya. Kiswahili kilikwenda porini kikamchukua kifaru, nadhani kwa sababu ya ngozi na ukaidi. Tazama sasa upatanisho wa kisarufi: kifaru aliyeko mbugani amelala, lakini kifaru cha jeshi kimelala. Neno ni moja, na kitenzi ndicho kinachotuambia kama ndani yake mna roho. Ajabu nyingine ni kwamba mashine ya tani 28 tumeiweka katika ngeli ya KI-VI pamoja na kitoto na kijiji, kana kwamba tangu mwanzo tulijua kuna watu watakaoitengeneza iwe ndogo.

Turudi nyumbani kwa Wells. Watoto walipokua kidogo, sakafu ya chumba chao ilijaa visiwa, miji na reli za matofali ya mbao. Mwaka 1911 alitoa kitabu kuhusu michezo hiyo, Floor Games. Askari walikuwa wa kampuni ya William Britain, wenye kimo cha sentimita tano na kitu, waliosubuwa kwa madini ya risasi huku ndani wakiwa wazi. Kiswahili kinachekesha hapa pia, maana hatutofautishi madini na kile kinachotoka katika bunduki: askari wa risasi anaweza kuwa mwanasesere, anaweza kuwa maiti.

Kilichogeuza mchezo wa watoto kuwa mchezo wa baba zao ni mzinga mdogo wa springi uliorusha kijiti cha mbao. Kwa maelezo ya Wells mwenyewe, baada ya chakula mgeni mmoja, anayetajwa kitabuni kwa herufi J. K. J. na ambaye wasomaji wanamtambua kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, alikaa chini, akalenga, akaangusha askari mmoja, kisha akamwalika mwenzake ajaribu. Mwanzo uwanja wa vita ulikuwa vitabu vilivyopangwa sakafuni. Baadaye vikaja vibao vyenye matundu ya kusimamishia vitawi viwe miti, nyumba za matofali, mito ya kuchorwa kwa chaki. Kitabu cha kanuni, Little Wars, kilitoka 1913, kikiwa na picha zilizopigwa na Jane.

Kanuni zenyewe ni chache, na uzuri wake ndio huo. Askari wa miguu anasogea futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga haupigi bila watu wanne kando yake. Ukiwa nao, unapiga mara nne. Zamu inapimwa kwa saa, atakayechelewa amepoteza. Anayeangushwa na kijiti amekufa, hakuna ubishi. Vikosi vikigusana, wanakufa mtu kwa mtu, isipokuwa waliozidiwa sana, ambao wanatekwa. Sura moja inasimulia pigano la shamba la Hook, na msimulizi ni Jenerali H. G. W. wa jeshi la bluu, mwenye majivuno ya kuchekesha.

Kwa nini hakuweka manowari zake za nchi kavu? Hakueleza, na mimi nina jibu la kukisia tu. Mchezo ule unategemea ua wa kujificha, mbio za farasi, jicho la mlengaji. Weka mashine moja ya mwaka 1903 juu ya kibao, mchezo umekwisha kama hadithi ilivyokwisha. Nadhani alipenda vita vidogo kwa sababu vilikuwa vya jana. Waliomfuata ndio waliolazimika kutafuta kanuni za unene wa chuma na pembe ya kupigia. Mmoja wao, Donald Featherstone, alikuwa ameshatumikia kikosi cha vifaru katika Vita vya Pili kabla ya kuandika War Games mwaka 1962, kitabu kilichoufufua mchezo. Wakati huo plastiki ilikuwa imefika. Mchezaji alinunua sanduku la vipande, akavigundisha, kisha akaanza ukaidi wake: anakata mdomo wa mzinga na kuweka mwingine, anaongeza vipande vya mnyororo mbele kama ngao, anafungasha magunia ya udongo mgando nyuma ya mnara, anapaka kutu na matope. Mtu aliyeifanya kazi hiyo usiku kucha hataki kifaru chake kifanane na cha jirani, ingawa vya kweli vilitoka kiwandani vikiwa sawasawa.

Ukurasa ninaourudia zaidi katika Little Wars ni wa mwisho. Baada ya utani wote Wells anageuka na kusema, kwa ufupi, kwamba vita hivi vidogo vinatosha. Wanaotaka utukufu wapewe askari wa risasi na chumba kikubwa. Anayecheza mara tatu au nne ataona jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kijinga na la kuharibu. Anaongeza kwamba hajakutana na mwanajeshi wa cheo chochote ambaye hakuchanganyikiwa katika kanuni rahisi za mchezo wake.

Nilikua mashariki ya nchi yetu. Tulitengeneza magari ya waya na makopo ya samaki, na wakubwa wetu walitengeneza vifaru, mzinga ukiwa bua au fimbo ya kalamu. Vifaru vya kweli vilipopita barabarani hatukuona ujinga wa vita. Tulitazama mnara unavyogeuka, ili jioni tuurekebishe wa kwetu. Kwa hiyo ninamwelewa Wells aliyecheza, na ninamtilia shaka Wells aliyeamini kwamba kucheza kutaponya.

Historia nayo haikumngoja. Kitabu kilikuwa na mwaka mmoja hivi vita vilipoanza, Agosti 1914. Mtu wa vita vidogo akawa mtetezi wa vita vikubwa: mwaka huohuo alitoa The War That Will End War, akidai kwamba kuishinda Ujerumani ya kijeshi kutafuta vita vyote. Tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette katika Somme, Waingereza walipeleka vifaru 49. 32 tu vilifika mahali pa kuanzia, vingine viliharibika njiani au kukwama. Mwendo wake ulikuwa kama wa mtu anayetembea, ndani wakiwa watu wanane katika moshi na joto. Cha mizinga kiliitwa dume na cha bombomu kiliitwa jike.

Wells alivitazama vifaru akaviandikia sura katika kitabu chake cha 1917, War and the Future. Vilimfurahisha na kumchekesha, kama mtu anavyochekeshwa na watoto wa mnyama mkali. Hakujitwalia sifa ya uvumbuzi. Kisha, katika sura hiyohiyo, alionya kwamba mataifa yakiendelea kupigana, watoto hawa watakua na kuisaga ardhi wanakopita. Tume iliyogawa tuzo mwaka 1919 iliwataja hasa Tritton na Wilson, watu wa kiwandani, na ninaona ilitenda haki: kuwaza ni kitu kimoja, kupata mnyororo usiokatika ni kingine.

Miaka iliyobaki ilikuwa ya shughuli nyingi. Alisafiri Urusi akaonana na Lenin mwaka 1920 na Stalin mwaka 1934, na alipokuwa mgonjwa wa kisukari alisaidia kuanzisha chama cha wagonjwa wenzake. Jane alifariki 1927. Mwaka 1936 ilitoka filamu Things to Come, aliyoandika yeye: inaanza Krismasi, watoto wakichezea vitu vya vita, kisha mabomu yanashuka na vifaru vya maumbo mageni vinapita. Sehemu kubwa ya maajabu ya filamu hiyo ilitengenezwa kwa mifano midogo.

Aliendelea kuishi London wakati wa Vita vya Pili. Alifariki nyumbani kwake karibu na Regent's Park tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na miaka 79. Mwili ulichomwa. Majivu yalimwagwa baharini.