Sheikh Al-Amin na kesho asiyoiona

Mpwa wangu amemaliza chuo, huu mwaka wa tatu, na kazi hana. Juzi barazani baada ya Maghrib aliniambia hatajiandikisha kupiga kura. Wanasiasa wetu ni wale wale, dhiki ya ardhi ni ile ile, na mimi mjomba wake nimeandika miaka yote hii bila kubadilisha kitu. Nilitafuta jibu nikalikosa. Usiku nikamkumbuka Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Wengi wetu twalijua jina, maisha yake tumeyasahau. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni, na alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na Mbaruk bin Rashid akawaongoza Mazrui kupigana. Kufikia 1896 vita vilikwisha, Mbaruk amekimbilia kwa Wajerumani. Kwa hivyo Al-Amin alikulia katika ukoo uliotawala Mombasa hadi 1837, na ambao sasa ulikuwa umeshindwa tena. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kukaa barazani akilia na yaliyopita, ni yeye.

Badala yake alisoma. Alisomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali, kisha akaenda Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Alifuatilia pia jarida la Al-Manar kutoka Misri, na fikra za Muhammad Abduh na Rashid Rida kwamba Waislamu waweza kuinuka tena kwa elimu.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, kwa Kiswahili. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, yaani matengenezo, kwa Kiswahili na Kiarabu. Tazama jina alilolichagua. Hakuliita kilio. Humo aliwaambia Wapwani mambo machungu: kwamba wanauza ardhi na kuzimaliza pesa kwa harusi na matanga, kwamba wanaiga mavazi ya Wazungu na kuiacha elimu yao, kwamba kumnyima mtoto wa kike elimu ni kujidhulumu wenyewe. Lakini kila lawama ilikuwa na njia ya kutokea. Alionyesha mji ulivyo, halafu akaonyesha unavyoweza kuwa.

Wako wanaosema kwamba alikubali kazi ya serikali ya kikoloni. Ni kweli. Alikuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichofia nacho. Al-Islah nayo haikuishi muda mrefu. Ukipima kwa siasa tu, utasema hakushinda kitu, kwani alipofariki mwaka 1947 bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea.

Mimi napima kwa yaliyobaki. Makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya huru. Tafsiri ya Qur'ani aliyokuwa akiiandika kwa Kiswahili hakuimaliza, lakini sehemu yake ilichapishwa mwaka 1980, miaka 33 baada ya kuzikwa. Na mwanawe Ali, aliyeachwa yatima wa miaka 14, ambaye babake alitaka asome Al-Azhar, hakwenda Al-Azhar. Akawa Profesa Ali Mazrui, ambaye ulimwengu mzima ulimsikiliza. Hata matumaini ya babake hayakuja kwa sura aliyoitaka, lakini yalikuja.

Hilo ndilo nililomwambia mpwa wangu jana. Sikumwambia kwamba uchaguzi ujao utaleta neema, maana sijui, naye angenicheka. Nilimwambia kwamba mtu aliyezaliwa katika kushindwa alikaa akaandika Pwani anayoitaka, ukurasa baada ya ukurasa, akafa bila kuiona, na sisi tuliosoma madrasa na skuli tumo ndani ya kurasa zile.

Akaniuliza yeye aandike nini. Nikamwambia aanze na mtaa wake: ungekuwaje miaka ishirini ijayo kama mambo yangekwenda sawa, na nani afanye nini Jumatatu. Amenyamaza, hajakataa. Daftari nimempelekea.

Mola amrehemu Sheikh Al-Amin.